Kutoka Bahasha Hadi Bando: Historia ya Masomo ya Mbali Kinna na Kaskazini mwa Kenya

Kinna ni mji mdogo wa kaunti ndogo ya Garbatulla, Kaunti ya Isiolo. Kaskazini yake kuna Kulamawe, na kusini kuna hifadhi za Bisanadi na Meru. Wakazi wake wengi ni Waborana wa Waso (eneo la mto Ewaso Ng'iro), wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo, na baadhi yao hulima kwa maji ya mito, kama ilivyo katika skimu ya Rapsu. Kaunti nzima ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 25,000, lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 tu. Katika nchi pana yenye watu wachache kiasi hicho, somo lolote lililozidi kiwango cha shule ya karibu limekuwa likitoka mbali. Lilikuja kwanza kwa safari ya miguu, kisha kwa bahasha ya posta, halafu kwa redio, na sasa linakuja kwa simu. Kila njia mpya ilipunguza gharama moja na kuiacha nyingine palepale, na ndiyo maana bei ya kozi haijawahi kuwa bei kamili ya kusoma.

Elimu kabla ya posta

Kabla ya shule za serikali, Waborana walikuwa na elimu yao ya juu. Wajuzi wa kalenda, waitwao ayyaantu, walihesabu siku kwa kulinganisha mwezi na nyota, na ujuzi huo ulipatikana kwa kukaa miaka mingi karibu na mzee anayeujua. Uislamu ulipoenea katika Waso, watoto walijifunza Kurani katika duksi, wakiandika aya kwenye ubao wa mti. Aliyetaka kupita kiwango cha duksi alimfuata sheikhe alikokuwa. Katika mapokeo yote mawili mwanafunzi alilipa kwa muda wake, kwa utumishi wake na kwa safari.

Utawala wa Kiingereza uliifanya safari hiyo kuwa ngumu zaidi. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1926 ililifunga eneo la kaskazini, lililojulikana kama NFD (Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini), na mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikaongeza masharti. Waborana waliohamishiwa Waso kutoka Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1930 walijikuta ndani ya uzio huo, na mji wa Isiolo ukawa lango lake. Shule zilikuwa chache sana. Serikali iliiona kaskazini kama eneo la ulinzi wa mpaka, na bajeti yake ilifuata mtazamo huo.

Bahasha kutoka London

Wakati kaskazini imefungwa, sehemu nyingine za dunia zilikuwa zimeshazoea kusoma kwa barua. Mwaka 1840 Mwingereza Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa kadi za posta. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa yeyote aliyeweza kuifanya, popote alipojifunzia. Uamuzi huo ulitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakienda pamoja, yaani mahali pa kufundishwa na mahali pa kutahiniwa. Kuanzia hapo vyuo vya biashara vilijitokeza kuziba pengo la ufundishaji. Wolsey Hall cha Oxford kilianzishwa mwaka 1894, kikafuatwa na vingine kama Rapid Results College, na vitabu vyao vya masomo vikasambaa katika makoloni.

Kwa Mwafrika wa Kenya wakati huo, posta ilikuwa mlango wa kupitia pale shule ilipomfungia. Nafasi za sekondari zilikuwa chache na karo ilikuwa kubwa. Tom Mboya, aliyeajiriwa kuwa mkaguzi wa afya na Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwaka 1951, alisoma uchumi kwa posta kutoka chuo cha Efficiency cha Afrika Kusini kabla ya kwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955. Makarani, walimu na wakaguzi wengi wa kizazi chake walifuata njia hiyo: mshahara mdogo wa kila mwezi, kitabu kimoja baada ya kingine, na mtihani wa London mwishoni.

Utaratibu ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kuutekeleza. Chuo kilituma kifurushi cha masomo. Mwanafunzi alisoma, akafanya zoezi, akalirudisha kwa posta, na msahihishaji akalituma tena likiwa na alama na maoni. Aliyeishi Nairobi au Mombasa aliweza kupata jibu kwa wakati. Katika vijiji vingi vya kaskazini barua ilipitia sanduku la posta la shule, la misheni au la ofisi ya serikali, na ilisubiri gari lililokuwa likielekea upande huo. Mvua ikikata barabara, somo nalo lilikatika. Ada inaweza kuwa ilikuwa ileile kwa Nairobi na kwa Garbatulla, lakini muda wa kungoja haukuwa sawa hata kidogo.

Kikuyu, redio, na vita vya kaskazini

Baada ya uhuru, Kenya ilihitaji walimu kwa haraka. Maelfu ya waliokuwa wakifundisha katika shule za msingi hawakuwa na mafunzo, na wengine walikuwa wameishia darasa la saba au la nane. Haikuwezekana kuwatoa wote darasani na kuwapeleka vyuoni. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata Kitengo cha Masomo kwa Posta kikaanzishwa katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, katika mji wa Kikuyu. Fedha zilitoka serikalini na kwa shirika la Marekani la USAID, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walisaidia kukijenga. Peter Kinyanjui, mmoja wa viongozi wake, baadaye aliandika tathmini ya mpango huo.

Kitengo cha Kikuyu kiliunganisha karatasi na sauti. Mwanafunzi alipokea vitabu kwa posta, na vipindi vya Sauti ya Kenya vikamfafanulia yale aliyoyasoma. Masomo yalikuwa ya kiwango cha kidato cha kwanza na cha pili, na mwisho wake ulikuwa Mtihani wa Kidato cha Pili. Mwalimu wa daraja la P3 aliyefaulu aliweza kupandishwa hadi P2, na mshahara wake ukapanda. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya mpango ule. Ada ilikuwa ndogo, na faida ya kufaulu ilijulikana kabla ya mtu kuanza.

Miaka hiyohiyo Isiolo ilikuwa na msiba wake. Vita vya Shifta, kati ya serikali na waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vilianza mwaka 1963, na hali ya hatari ikatangazwa. Familia za Waborana zilikusanywa katika kambi za Garbatulla na Merti, mifugo ikapigwa risasi, ikataifishwa au ikafa kwa kufungiwa mahali padogo. Waborana wa Waso wanauita wakati huo Daaba, na hadi leo hesabu ya umaskini wao huanzia hapo. Mapatano ya kumaliza vita yalifikiwa mwaka 1967, mwaka uleule kitengo cha Kikuyu kilipoanza. Kwa hiyo, wakati mwalimu wa Kiambu au Kisumu alikuwa akijiandikisha kwa masomo ya posta, mzazi wa eneo la Kinna alikuwa akitafuta mbuzi wa kuanzia upya maisha. Sheria za hali ya hatari katika sehemu za kaskazini hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Pengo la elimu linaloonekana leo kati ya kaskazini na kusini lilipanuka katika miaka hiyo, na kozi ya bei nafuu isingeweza kuliziba peke yake.

Ngazi ya juu inahama

Mfumo wa mitihani nao ulibadilika. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, na Kenya ikaunda baraza lake, KNEC, mwaka 1980. Mitihani hii iliwapokea watahiniwa wa kujitegemea, yaani watu wasiosajiliwa kama wanafunzi wa kutwa au wa bweni. Askari, karani au mama wa nyumbani aliweza kulipa ada ya mtihani, akasoma mwenyewe na kukaa chumba kimoja na wanafunzi wa shule.

Mwaka 1985 Kenya iliingia katika mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanyika mwaka 1989, mwaka uleule mtihani wa kwanza wa KCSE, wa kumaliza sekondari, ulipofanyika. Kwa shule nyingi za kaskazini, ambazo hata kabla ya hapo hazikuwa na kidato cha tano na cha sita, badiliko hilo lilimpunguzia mwanafunzi safari moja ya kwenda mbali. Lakini liliondoa pia ngazi ya kati. Kijana mwenye kipaji cha hisabati au fizikia aliyemaliza silabasi mapema hakuwa na darasa la juu zaidi la kuingia hadi afike chuo kikuu. Kozi za juu nje ya shule ya sekondari, ambazo katika nchi nyingine hutolewa kwa wanafunzi wa umri huo, zilibaki kwa waliomudu mitihani ya kigeni mijini.

Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shahada ya ualimu kwa masomo ya nje, ya kwanza ya aina yake nchini. Wanafunzi wake wengi walikuwa walimu waliosoma nyumbani na kukutana na wahadhiri wakati wa likizo za shule. Tanzania ilikwenda mbali zaidi kwa kuunda chuo kizima. Sheria ya 1992 ilianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianza kazi mwaka 1993. Kenya ingesubiri miaka thelathini kufanya hivyo.

Setilaiti, nyaya na wauguzi

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa kituo chake cha majaribio nchini. Wanafunzi walikaa katika chumba kimoja Nairobi wakifuata mihadhara iliyorushwa kwa setilaiti kutoka ng'ambo. Makao yake yalihamishiwa Nairobi mwaka 2002. Teknolojia ilikuwa mpya, lakini kwa mwanafunzi wa Isiolo hali haikubadilika sana, kwa sababu bado ilimbidi asafiri hadi mjini.

Mfano uliofanikiwa zaidi ulitoka katika uuguzi. Mwaka 2005 AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture walianza kuwasomesha kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti ili wafikie diploma. Waliohitaji kupandishwa walikuwa zaidi ya 20,000, na vyuo vya bweni vingechukua miongo mingi kuwamaliza. Vituo vya kompyuta vikawekwa hospitalini, muuguzi akasoma bila kuacha kazi, na mwisho wa masomo akafanya mtihani wa baraza linalompa leseni. Kwa mikoa yenye uhaba wa wahudumu wa afya, jambo hilo lilikuwa na maana kubwa, kwani zahanati haikulazimika kufungwa ili muuguzi wake asome. Mpango huu ulitumia kanuni ileile ya Kikuyu ya 1967: kituo cha karibu, msimamizi anayejulikana na cheti kinachobadilisha mshahara.

Mabadiliko ya njia yenyewe yalikuja mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilikuwa imeondoa kikwazo kingine, kwa kuwa mtu wa kijijini sasa aliweza kulipa ada bila kufunga safari ya benki.

Masomo ya bure

Mwaka 2001 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ilitangaza kwamba itaweka masomo yake kwenye mtandao bila malipo. Khan Academy ilifuata mwaka 2008, kisha Coursera na edX mwaka 2012. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa sekondari aliweza kusoma kozi za kalkulasi, programu za kompyuta au biolojia ya chuo kikuu bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 2012 kijana wa miaka 15 kutoka Mongolia, nchi nyingine ya wafugaji, alipata alama zote katika kozi ya saketi za umeme ya edX, na habari zake zikaenea duniani.

Hesabu za baadaye zilituliza shangwe. Katika kozi kubwa za wazi, wanaofika mwisho huwa kwa kawaida chini ya mmoja kati ya kumi wanaojiandikisha. Majukwaa hayo yalitoa somo bure, lakini yalianza kutoza ada ya cheti, ingawa baadhi hupokea maombi ya msamaha wa ada. Aidha, somo la video linahitaji bando, kifaa na umeme, na lugha yake mara nyingi ni Kiingereza, wakati mtoto wa Kinna huanza na Kiborana nyumbani na hukutana na Kiswahili na Kiingereza shuleni.

Kenya ilitafuta njia zinazoifaa hali yake. Kampuni ya Eneza, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilituma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi, na huduma yake ya Shupavu 291 ilifanya kazi hata kwenye simu ya kawaida. Programu ya Kolibri iliwezesha shule kuhifadhi maelfu ya masomo katika kompyuta moja na kuyatumia bila intaneti. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, mpango wa BHER ulioanza mwaka 2013 uliunganisha vyuo vikuu vya York na British Columbia vya Kanada na vya Kenyatta na Moi vya Kenya. Ulitoa stashahada na shahada, wanafunzi wakisoma sehemu mtandaoni na sehemu ana kwa ana hukohuko Dadaab. Dadaab ilithibitisha kwamba nchi kame ya kaskazini inaweza kutoa wahitimu kwa njia hii, mradi wawepo walimu wa kukutana nao na vyuo vinavyotambua kazi yao.

Kwa watoto wanaohama na mifugo, Wizara ya Maendeleo ya Kaskazini mwa Kenya, iliyoundwa mwaka 2008 chini ya Waziri Mohamed Elmi, iliunga mkono wazo la kufundisha kwa redio, ili mtoto asilazimike kuchagua kati ya shule na kundi. Baadaye serikali iliunda Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wafugaji wa Kuhamahama, NACONEK.

Mwaka 2020 na baadaye

Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilirusha vipindi kwa redio, televisheni na YouTube. Utafiti wa shirika la Usawa Agenda mwaka huo ulionyesha kuwa ni takriban mwanafunzi mmoja tu kati ya watano aliyekuwa akipata masomo ya kidijitali nchini kote. Nchi ilijionea kwa wakati mmoja kile ambacho kaskazini ilikuwa ikikiishi kwa miongo mingi: somo lipo, lakini halimfikii mwanafunzi.

Miundombinu imeendelea kusogea. Mradi wa barabara wa Pembe ya Afrika, uliopewa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2020, unahusisha barabara ya Isiolo, Kulamawe, Modogashe na Wajir pamoja na mkongo wa mawasiliano kando yake. Kinna iko kusini mwa barabara hiyo, hivyo faida yake itategemea tawi la kuifikia. Intaneti ya setilaiti ya Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Agosti mwaka huohuo Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, kikiwa na makao Konza, na kikaanza na shahada zikiwemo za sayansi ya data na usalama wa mitandao.

Mwanafunzi aliye bado sekondari anakabiliwa na masharti yake mwenyewe. Shule za bweni kwa kawaida haziruhusu simu, hivyo kozi ya mtandaoni hufanyika wakati wa likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada ya likizo shuleni, na kwa hiyo muda upo. Lakini likizo ndiyo pia wakati wa kusaidia malishoni na shambani, na wakati wa ukame familia huhama. Mtaala mpya wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza la Gredi ya 10 lilipangiwa kuanza Januari 2026, umegawa masomo ya juu katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Shule ndogo yenye walimu wachache haiwezi kufundisha kila somo la kila njia. Hapo kozi ya mbali huacha kuwa nyongeza kwa wenye vipaji na kuwa hitaji la kawaida.

Mambo matatu ya lazima

Historia hii inaonyesha kwamba masomo ya mbali yalishika mizizi pale mambo matatu yalipokutana: njia ya kulifikisha somo kwa gharama inayovumilika, mtu wa kusahihisha na kumwuliza, na cheti ambacho mwajiri au chuo hukitambua. Walimu wa P3 na wauguzi walikuwa na yote matatu, na wakafaulu kwa maelfu. Kozi nyingi za wazi zimeleta la kwanza kwa nusu na kuacha mengine mawili, na ndiyo maana watu huziacha njiani.

Kwa Kinna, somo lenyewe leo ni karibu bure. Kinachohitaji fedha ni chumba chenye umeme na intaneti kinachofunguliwa likizoni, kompyuta zenye masomo yaliyohifadhiwa ndani yake, mwalimu anayelipwa kuwasimamia vijana, na makubaliano na chuo kinachotahini. Gharama ya mambo hayo inaweza kuwa ndogo kuliko ya bweni jipya, na mengi yako ndani ya uwezo wa kaunti, wa mfuko wa maendeleo wa eneo bunge na wa Chuo Kikuu Huria. Wakiyatekeleza pamoja, kijana wa Kinna atasoma kozi ya juu kwa bei ileile anayolipa mwenzake wa Nairobi, kwa muda na kwa fedha pia.